Narcos, Le Bandit, Wanted au San Quentin: Sloti Ipi ya Wahalifu Inaufaa Mfuko Wako?

Jioni moja, nikisubiri mvua ipungue chini ya paa la kibanda cha chai pale Kondele, mjini Kisumu, mwendeshaji bodaboda ambaye hunibeba mara nyingi kutoka shuleni aliifuta simu yake kwa upindo wa koti, akanionyesha skrini na kuniuliza: "Mwalimu, kati ya hii ya gereza na hii ya huyu mnyama mwizi, ipi inalipa?" Kwa vile nafundisha hesabu, yeye huamini kwamba najua kila kitu chenye nambari, nami sikutaka kumjibu kwa kukisia. Nilimwomba anipe wiki moja, nikachukua tatu.

Katika muda huo nimecheza sloti nne, yaani michezo ya kamari ya nguzo za alama zinazozunguka kwenye skrini, zenye mandhari ya uhalifu katika hali ya majaribio, ile isiyotumia pesa halisi, nikasoma kurasa za maelezo zilizomo ndani ya kila mchezo na kuandika niliyoyaona katika daftari la mraba. Michezo yenyewe ni Narcos, ya kampuni ya NetEnt, iliyotoka mwaka 2019. San Quentin, ya Nolimit City, ya mwaka 2021. Wanted Dead or a Wild, ya Hacksaw Gaming, ya mwaka huohuo wa 2021. Na Le Bandit, ya Hacksaw pia, ya mwaka 2023. Ninamwandikia mtu mzima aliyetimiza miaka 18, ambaye tayari ameamua kwamba atacheza, na anayetaka kujua shilingi yake inapita njia gani kabla ya kurudi au kupotea. Asiyecheza hana haja ya kuanza, kwa sababu hakuna hata mmoja kati ya michezo hii minne ulioundwa ili mchezaji atoke na faida baada ya muda mrefu, na hesabu za hapa chini zitalionyesha hilo waziwazi.

Tunapima nini?

Wengi hulinganisha sloti kwa kutazama kilele cha ushindi, yaani idadi ya mara ambazo dau linaweza kuzidishwa. Kwa kipimo hicho San Quentin ingeshinda bila mjadala, kwa kuwa kilele chake ni mara 150,000 ya dau, ilhali Wanted inaishia mara 12,500, Le Bandit mara 10,000 na Narcos mara 1,500 na ushei. Ukiweka dau la shilingi 20, hizo ni shilingi milioni 3, kisha 250,000, kisha 200,000, na mwisho takriban 30,000. Tatizo ni kwamba kilele hakisemi lolote kuhusu mizunguko mia mbili utakayocheza leo jioni, na hiyo ndiyo mizunguko inayokula pesa yako.

Ninatumia vipimo vitatu vingine. Cha kwanza ni kiwango cha marejesho, yaani asilimia ya madau yote ambayo mchezo hurudisha kwa wachezaji wote kwa jumla, baada ya mamilioni ya mizunguko. Cha pili ni ukali wa mchezo: mchezo mpole hulipa kidogo kidogo na mara nyingi, mchezo mkali hukaa kimya muda mrefu na kuweka sehemu kubwa ya marejesho yake katika ushindi wa nadra. Wakazi wa kando ya ziwa wanaijua tofauti hii bila kufundishwa, kwa maana mvuvi anayetoka na karabai usiku kutafuta omena hapangi nyumba yake sawa na yule anayengoja mbuta mmoja mkubwa. Kipimo cha tatu ni namna bonasi, yaani awamu ya ziada kama mizunguko isiyolipiwa, inavyofunguliwa na kinachotokea ndani yake, na hapo ndipo michezo hii inapoachana kabisa.

Narcos: mpole kuliko jina lake

Narcos imetokana na tamthilia ya Netflix yenye jina hilohilo, kuhusu biashara ya kokeini nchini Kolombia. Ina nguzo tano na safu tatu, na njia 243 za kushinda, maana yake ni kwamba hakuna mistari maalum ya malipo: alama zinazofanana zikikaa katika nguzo zinazofuatana kuanzia kushoto, umeshinda. Kiwango chake cha marejesho ni asilimia 96.23.

Jambo lililonivutia ni kwamba Narcos haikuachi uchoke ukingojea bonasi moja kubwa. Alama ya jokeri, ambayo hujaza pengo la alama nyingine, ikishiriki katika ushindi haiondoki mara moja, bali hutembea hatua moja na kubaki kwenye skrini katika mzunguko unaofuata. Mara nyingine gari hupita likimimina risasi, na baadhi ya alama za thamani hugeuka jokeri. Kuna pia kipengele kiitwacho Locked Up, ambapo alama za wafungwa hufungwa mahali pake na nguzo huzunguka tena zikitafuta nyingine za kujiunga nazo, na kinakwisha zinapokosekana. Mizunguko ya bure ni 10, nayo hufunguliwa na alama tatu za bonasi, zile ambazo wachezaji wengi huziita skata.

Kwa hiyo kuna mambo manne madogo yanayoweza kutokea, na hakuna hata moja linalobeba mchezo wote. Matokeo yake ni kwamba salio hushuka polepole, hupanda kidogo, kisha hushuka tena. Sikuona mahali pa kununua bonasi, na kwa maoni yangu huo ni wema kwa mchezaji wa kipato cha kawaida, ingawa mwenye kutafuta msisimko ataiona Narcos imepoa. Kasoro yangu kwayo ni ya maadili: damu ya watu halisi wa Kolombia imegeuzwa pambo, na risasi zinazopigwa mitaani zimefanywa kuwa habari njema kwa mchezaji. Hili halibadilishi hesabu, lakini mtu anayelichagua jambo la kujiburudisha ana haki ya kulitazama.

Le Bandit: mwizi asiye na bunduki

Mnyama mwizi niliyeonyeshwa na yule mwendeshaji bodaboda ni rakuni aliyevaa kofia ya Kifaransa, anayeiba katika mitaa ya Paris. Hapa hakuna mistari wala njia. Kuna nguzo sita na safu tano, na ushindi hupatikana alama tano au zaidi za aina moja zikigusana na kufanya kundi. Kundi likilipwa, alama zote za aina hiyo huondolewa kwenye skrini nzima, hata zile ambazo hazikuwa ndani ya kundi, na nyingine hudondoka kujaza nafasi. Mzunguko mmoja unaweza hivyo kulipa mara kadhaa mfululizo kwa dau lile lile.

Roho ya mchezo, hata hivyo, ni visanduku vya dhahabu. Kila mahali palipokuwa na alama iliyoshinda hubaki kisanduku chenye kung'aa, nacho hakina thamani yoyote mpaka alama ya upinde wa mvua itokee. Ikitokea, visanduku vyote hufunguka na kuonyesha sarafu za shaba, fedha au dhahabu zenye thamani tofauti, majani ya bahati yanayozidisha sarafu za jirani, au chungu kinachokusanya vyote vilivyoonekana. Katika mchezo wa kawaida visanduku hupotea mzunguko ukiisha, na hapo utaelewa kwa nini watu husonya: skrini imejaa dhahabu, upinde haukuja, na vyote vimefutika.

Bonasi ni tatu, na zinatofautiana kwa kadiri zinavyokuhifadhia visanduku hivyo. Skata tatu hukupa mizunguko minane, ambamo visanduku hubaki mahali pake vikingoja upinde. Skata nne hukupa mizunguko 12, na visanduku hukaa mpaka mwisho hata baada ya kufunguliwa, kwa hiyo kila upinde mpya huvifungua upya. Skata tano, ambazo ni nadra mno, hukupa mizunguko 12 yenye upinde wa uhakika kila mara. Ngazi hii naipenda kwa sababu inaeleweka: unaona kabisa kwa nini bonasi ya pili ina thamani kuliko ya kwanza, na huhitaji kuamini maneno ya matangazo. Kiwango cha marejesho cha toleo la juu ni asilimia 96.34, na ukali wake nauweka katikati, juu ya Narcos na chini sana ya miwili inayofuata.

Wanted Dead or a Wild: bonasi tatu zisizofanana

Hapa wahalifu ni majambazi wa farasi wa Marekani ya magharibi, wanaoteka treni na kupigana kwa bastola alfajiri. Skrini ina nguzo tano na safu tano, mistari 15 ya malipo, na marejesho ya asilimia 96.38 katika toleo la juu. Mchezo wa kawaida ni mkavu. Nimekaa nao mizunguko mingi mfululizo bila kuona malipo yanayofikia hata nusu ya kilichotumika, na sikushangaa, kwa maana karibu uhai wote wa mchezo umewekwa ndani ya bonasi zake.

Kila bonasi ina alama yake, na unahitaji tatu za aina moja. Ya utekaji wa treni hutoa mizunguko 10, na kila jokeri anayetua hunata hapo alipo mpaka mwisho. Ni nyepesi kufuata na ndiyo ya wastani zaidi. Ya pambano la alfajiri, Duel at Dawn, pia ni mizunguko 10, lakini ndani yake alama za pambano hutanuka na kufunika nguzo nzima, wapiganaji wawili wakapigana, na kizidishi cha mshindi, yaani nambari inayozidisha malipo, kikabaki katika nguzo hiyo. Vizidishi hivyo vinaweza kufika mara 100, na nguzo mbili au tatu zikishiriki katika mstari mmoja, vizidishi vyake hujumlishwa.

Ya tatu, Dead Man's Hand, inastahili maelezo marefu kidogo kwa sababu ndiyo inayowachanganya watu. Ina awamu mbili. Katika ya kwanza hulipwi chochote; unakusanya jokeri na vizidishi tu, na awamu inakwisha mizunguko mitatu mfululizo ikipita bila kupata kitu. Ndipo inapokuja awamu ya pili yenye mizunguko mitatu pekee, ambamo jokeri wote uliowakusanya humwagwa kwenye skrini na kizidishi chako kutumika juu yao. Nilipoifikia mara moja katika hali ya majaribio nilikusanya vizuri, nikasimama kabisa kwenye kiti, kisha mizunguko miwili kati ya mitatu ikapita bila malipo ya maana. Mpangilio huu una nguvu juu ya mtu: awamu ya kukusanya hukufanya uhisi kwamba umeshapata, wakati hujapata hata senti.

San Quentin: gereza lenyewe

San Quentin halisi ni gereza kongwe zaidi la jimbo la California, lililofunguliwa mwaka 1852, na mwaka 2023 jimbo lilibadilisha jina lake ili liitwe kituo cha urekebishaji. Mchezo haujabadilika hivyo. Una wembe, choo, wafungwa wenye nyuso za kutisha, na muziki unaokaza kifua. Nguzo ni tano, na juu na chini ya kila nguzo kuna chumba kilichofungwa kwa waya, ambacho kikifunguliwa huongeza alama na kuongeza njia za kushinda kutoka zile 243 za mwanzo hadi idadi kubwa mno. Wembe ukitua hupasua alama kuwa mbili, na kila upasuaji huongeza njia.

Bonasi yake, Lockdown Spins, hufunguliwa na skata tatu, nne au tano, na idadi hiyo hukupa jokeri mmoja, wawili au watatu wanaorukaruka kutoka mahali hadi mahali katika kila mzunguko, wakibeba vizidishi vinavyoweza kukua. Jokeri, wembe na vyumba vilivyofunguliwa vikikutana katika mzunguko mmoja, ndipo zinapotoka zile picha za ushindi wa mamilioni zinazosambazwa kwenye makundi ya WhatsApp. Picha zenyewe zinaweza kuwa za kweli. Zisichoonyesha ni mizunguko ya wengine wote iliyouchangia ushindi huo.

Kiwango cha marejesho ni asilimia 96.03, cha chini kuliko vingine vitatu lakini kwa tofauti ndogo tu. Tofauti halisi ni namna asilimia hiyo ilivyogawanywa. Katika Narcos marejesho yamesambaa kama mvua ya rasharasha. Katika San Quentin sehemu kubwa yake imekusanywa katika matukio machache sana, kiasi kwamba mchezaji wa kawaida, mwenye mfuko wa kawaida, atacheza miezi bila kuyagusa. Kwa mtu huyo, marejesho anayoyaona kwa macho yake ni ya chini kuliko yaliyoandikwa, wala mchezo haujamdanganya.

Asilimia, kasi na matoleo

Sasa tuhesabu. Mchezaji asiye na haraka huzungusha mara 10 kwa dakika, yaani mara 600 kwa saa. Kwa dau la shilingi 20, saa moja hupitisha madau ya shilingi 12,000, hata kama mfukoni aliingia na 1,000 tu, kwa kuwa anachoshinda hukizungusha tena. Hasara ya wastani kwa saa hiyo ni shilingi 434 katika Wanted, 439 katika Le Bandit, 452 katika Narcos na 476 katika San Quentin. Kutoka wa kwanza hadi wa mwisho ni shilingi 42, nauli ya matatu ya mjini. Anayechagua mchezo kwa sababu ya sehemu hizi za asilimia anajisumbua bure.

Lakini kampuni zinazotengeneza sloti huuza mchezo mmoja katika matoleo kadhaa. Le Bandit, kwa mfano, ipo katika toleo la asilimia 96.34, na pia katika matoleo ya takriban 94, 92 na hata 88, na mwenye tovuti ndiye anayechagua lipi aliweke. Picha ni zile zile, rakuni ni yule yule, muziki ni ule ule. Kwa saa ile ile ya shilingi 12,000, toleo la 94 hukutoa shilingi 720, la 92 hukutoa 960, na la 88 hukutoa 1,440, zaidi ya mara tatu ya toleo la juu. Hii ndiyo tofauti kubwa kuliko zote nilizozikuta katika wiki tatu, na haiko kati ya mchezo na mchezo. Iko kati ya tovuti na tovuti. Ndani ya kila mchezo kuna alama ya maelezo au ya maswali, na ukiteremka hadi mwisho utaona asilimia ya toleo lililo mbele yako. Huchukua nusu dakika.

Kasi nayo ina bei. Kuna kitufe cha kuharakisha, na ukizungusha mara 20 kwa dakika badala ya 10, kila hasara niliyoitaja inazidishwa mara mbili. Nchini Uingereza mzunguko hauruhusiwi kuwa chini ya sekunde 2.5 tangu Oktoba 2021, na kuuacha mchezo ujizungushe wenyewe kumepigwa marufuku. Mwaka 2025 wakaweka pia kikomo cha dau, pauni 5 kwa mzunguko, na pauni 2 kwa walio na umri wa miaka 18 hadi 24. Ukiona ushauri wa mchezaji wa huko kuhusu michezo hii, kumbuka kwamba anacheza ndani ya ua huo.

Kodi ya Kenya ndani ya hesabu

Hapa kwetu, Sheria ya Fedha ya mwaka 2025 ilibadilisha mambo kuanzia Julai mwaka huo. Zamani ushuru ulikatwa kwa kila dau, nao ulikuwa umefika asilimia 15, na asilimia 20 ikakatwa kwenye ushindi. Sasa asilimia 5 hukatwa unapoweka pesa katika akaunti ya kamari, na asilimia 5 nyingine unapoitoa. Ukiweka shilingi 1,000 kwa M-Pesa, unaanza na 950. Ukizizungusha zote mara moja tu katika Narcos, wastani unaobaki ni 914. Ukizitoa, simu inapokea kama 868. Safari moja, kwenda na kurudi, imekula shilingi 132, na kwa sehemu kubwa si mchezo ulioila. Kwa hiyo kuweka 200 asubuhi, kutoa 150 mchana na kuziweka tena jioni, kama nionavyo vijana wengi wakifanya, ni kujitoza kodi mara mbili kwa siku kwa hiari.

Kununua bonasi

Wanted na San Quentin zina kitufe cha kuruka foleni na kununua bonasi. Katika Wanted bei ni mara 80 ya dau kwa treni, mara 200 kwa pambano na mara 400 kwa Dead Man's Hand. Katika San Quentin ni mara 100, 400 na 2,000 kulingana na idadi ya skata. Zibadilishe ziwe shilingi kwa dau la 20: treni ni 1,600, pambano 4,000, Dead Man's Hand 8,000, na bonasi ya juu ya gerezani ni shilingi 40,000 kwa kubonyeza mara moja. Bonasi iliyonunuliwa haina ahadi ya kurudisha bei yake, na katika michezo mikali mara nyingi hairudishi hata nusu. Uingereza ilikikataza kitufe hiki mwaka 2019. Ninashauri kwa moyo wangu wote kwamba mchezaji anayetegemea kipato cha siku asikiguse kabisa, kwani hubana hasara ya saa nzima ndani ya dakika moja, na akili haipati nafasi ya kuuliza swali.

Imani za stendi na mambo ya simu

Nakuru, nilikopita wikendi moja kumwona dada yangu, na Kisumu, maneno ni yale yale: kwamba mchezo "umeiva" baada ya kukaa kimya, kwamba hulipa saa nane usiku, kwamba skata mbili na ya tatu kupita pembeni ni dalili. Kila mzunguko huamuliwa upya na programu ya kubahatisha nambari, bila kumbukumbu ya uliotangulia; skata ya tatu iliyopita pembeni ina maana sawa na skata iliyokuwa mbali. Wanaouza programu za kutabiri bonasi kupitia Telegram wanauza hewa.

Kuhusu mtandao, tulieni: matokeo huamuliwa kwenye kompyuta za mchezo mara tu unapobonyeza, kwa hiyo bando likiisha katikati ya mizunguko ya bure hupotezi chochote, na ukirudi utaendelea ulipoachia au utakuta malipo yamo kwenye salio. Kwenye simu ya skrini ndogo, Le Bandit na Narcos husomeka vizuri. San Quentin, vyumba vyake vikishafunguka, alama huwa ndogo hata nikavaa miwani.

Ningechagua ipi

Kwa mtu mwenye shilingi 500 alizozitenga kwa burudani, baada ya mahitaji yote ya nyumbani kulipiwa, ningeanza kwa kugawanya. Baada ya kodi ni 475. Kwa dau la 20 hiyo ni mizunguko 23, na kwa kuwa mizunguko ya bure katika sloti kwa kawaida huja mara moja katika mizunguko mia moja, mia mbili au zaidi, huyo atalipia mandhari asiyoifika. Kwa dau la 5, ikiwa sheria na tovuti zinaruhusu, anapata mizunguko 95, na angalau mchezo una muda wa kujieleza.

Kwa fungu hilo ninachagua Le Bandit: inaonyesha kitu katika mchezo wa kawaida, bonasi zake zinaeleweka, na haina bunduki. Narcos inafuata kwa karibu, na kwa mtu anayetaka salio lidumu jioni nzima ningeiweka ya kwanza. Wanted ni ya aliye na fungu la mizunguko mia tatu au zaidi na moyo wa kuona yote yakiisha bila bonasi, na bonasi ya treni ndiyo ya kutamani. San Quentin siwezi kumshauri mtu wa mfuko wetu, si kwa sababu ni mbovu, maana kwa ufundi pengine ndiyo bora kati ya zote nne, bali kwa sababu imetengenezewa mtu anayeweza kupoteza mara mia kadhaa ya dau lake bila kubadilisha chakula cha jioni.

Nilimweleza haya mwendeshaji wangu pale pale Kondele, chai ikipoa kati yetu. Alisikiliza mpaka mwisho, akatoa simu, akaifungua Le Bandit katika tovuti anayoitumia siku zote, na kuniuliza, "Hiyo alama ya maelezo iko wapi, mwalimu?" Tuliteremka pamoja mpaka mstari wa chini kabisa, naye akaisoma nambari kwa sauti: tisini na nne. Akanyamaza, akahesabu kwa vidole saa alizokuwa amecheza tangu Ijumaa. Kisha akaifunga tovuti, akavaa kofia yake, na kuniambia nipande, mvua ilikuwa imekatika.